Kuzamia Nini?

Maji yakianza kujaa katika Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, boti za wazamiaji huondoka ufukweni Utende kuelekea mlango wa Kinasi, pale ghuba inapokutana na bahari kuu. Saa hiyo maji yanayoingia ni masafi, yametoka nje. Yakigeuka na kuanza kupwa hubeba vumbi la mchanga na tope la mikoko, na mzamiaji aliyechelewa haoni mbali. Kwa hiyo hata mgeni aliyefika kwa ndege jana, akiwa hapa anafuata mwezi, kama mwenye ngalawa anavyoufuata.

Anayezamia mara ya kwanza hapelekwi Kinasi penyewe, maana mkondo wa pale ni mkali. Hupelekwa penye kina kidogo, mita sita hadi kumi, ambako mwanga wa jua unafika mpaka chini. Mgongoni ana mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa kwa mgandamizo wa bar 200. Hewa hiyo ikiachiwa itanuke ingetimia lita 2,400. Kiunoni ana mkanda wenye vipande vya risasi, na miguuni amevaa mapezi ya mpira. Mwalimu amemkaririsha amri moja kuliko zote: usizuie pumzi. Pafu lililojaa hewa mita kumi chini, mwenyewe akipanda bila kupumua, hewa ile hutanuka mara mbili kabla hajafika juu. Akishuka, kila baada ya muda mfupi anabana pua na kupuliza taratibu mpaka masikio yafunguke. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumtoroka. Pande zote anasikia mchachatiko kama wa kitunguu kwenye mafuta ya moto: ni kamba wadogo waliojificha mwambani wakialika makucha yao.

Ndipo anapoliona jiwe. Ni donge la duara, la rangi ya udongo au njano ya kufifia, kubwa kama gari, limetulia juu ya mchanga huku vikundi vya samaki wadogo vikilizunguka. Wengi hulipita. Macho yao yanavutwa na matumbawe yenye matawi, na samaki kipepeo wa manjano, na kasa anayepanda juu kuvuta pumzi. Lakini historia ya kushuka chini ya maji katika pwani hii imeandikwa ndani ya donge hilo kuliko mahali pengine popote, na anayetaka kujua wa kwanza kuzamia hapa walikuwa akina nani hana budi kuanza nalo.

Kiswahili chenyewe kinaanza na swali. Mtu huzama bila kupenda: chombo kimepasuka, mawimbi yamemzidi. Kuzamia ni neno jingine. Kale kairabu kanakoongezwa mwishoni kanaleta sababu, kama vile mtu anapokimbia na anapokimbilia. Anayezamia anazama kwa ajili ya kitu. Watu wamezamia lulu, wamezamia majongoo, wamezamia kamba. Hata kijana anayejificha kwenye meli ili aende ng'ambo huitwa mzamiaji, na anachokizamia ni maisha. Basi aliyejivika mtungi mgongoni na kushuka pale Chole anazamia nini?

Wa kwanza walizamia jiwe.

Donge lile wanasayansi huliita Porites. Limejengwa na vinyama vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikijitandikia chokaa chini yake na kupanda juu yake, kizazi juu ya kizazi. Hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo donge lenye kimo cha mita mbili na zaidi lilikuwa tayari limeshika mahali pake kabla ya babu wa babu wa wengi walio hai leo. Na lina sifa moja ambayo waashi wa kale waliijua vizuri: likitolewa majini likiwa bado bichi, hukatika kwa patasi kama mti laini; likikaa juani, hukauka na kuwa gumu.

Ukiingia katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, utakuta kwenye mihrabu maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwa ustadi wa ajabu, na ndani yake tarehe: Dhulkaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo limefanyiwa ukarabati mara nyingi na kuta nyingi za sasa ni za baadaye sana, lakini maandishi yamebaki. Yamechongwa kwenye tumbawe. Akiolojia ya pwani hutofautisha mawe ya aina mbili. Lipo lile linalochimbwa nchi kavu, la mwamba wa kale uliobaki juu bahari iliposhuka, gumu na lenye mashimo mashimo. Ndilo lililojenga kuta za Gedi na nyumba za Mji Mkongwe. Na lipo lile laini lililokatwa likiwa hai baharini, ambalo mafundi waliliwekea kazi za heshima: mihrabu, miimo ya milango, maandishi, mapambo. Kilwa Kisiwani lilitumika katika Msikiti Mkuu na katika Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari.

Kila kipande cha kazi hiyo kina mtu aliyeshuka kukifuata. Alihitaji kujua bamvua, siku ambazo maji hupwa mpaka mwamba ukatokeza mgongo. Alihitaji kuwa tayari kujitosa pale maji yasipopwa vya kutosha, na kufanya kazi ya chuma kwa pumzi moja. Historia imemsifu sultani aliyejenga na fundi aliyechonga. Aliyekwenda chini kulikata jiwe hakuachiwa hata mstari, ilhali bila yeye mihrabu ile ingebaki baharini. Hilo ni deni la kweli, na mahali pa kuanza kulilipa ni kumhesabu yeye kuwa mzamiaji wa kwanza wa miamba hii, karne nyingi kabla ya mtungi.

Jiwe hilo hilo liliunguzwa kupata chokaa. Magogo hupangwa kwa duara, matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa na kuachwa ufanye kazi mpaka jiwe ligeuke kuwa unga mweupe. Kuta za miji ya pwani zilishikana kwa chokaa hiyo na kupakwa chokaa hiyo, na biashara yake haikufa na masultani. Mafia iliendelea mpaka karne ya 20: watafiti waliozamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwakuta watu wakiyang'oa matumbawe hai kwa mitaimbo maji yanapopwa, wakiyapakia kwenye vyombo, wakiyapeleka kujengea na kuchomea chokaa. Ulikuwa ufundi ule ule wa enzi za Kizimkazi.

Wengine hawakuhitaji hata kujitosa. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Hertz aligundua kwamba kauri za pwani ya Zanzibar, zile ndogo zenye pete ya njano mgongoni, zingeweza kupelekwa Afrika Magharibi kama fedha. Kampuni nyingine ya Hamburg, O'Swald, ikafuata, na kauri zilizookotwa miambani wakati wa maji kupwa zikaanza kuondoka kwa shehena za meli. Zilizidi mno hata thamani yake ikaporomoka kwenye masoko ya huko. Mwamba ulikuwa umefanywa mgodi wa sarafu.

Lakini katika habari zote za kuzamia zinazowahusu watu wa Afrika Mashariki, hakuna iliyo nzito kama ile ya Ghuba ya Uajemi. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 lulu za Ghuba zilivaliwa Bombay, Paris na New York, na makumi ya maelfu ya wanaume walitoka kila kiangazi kwenda kuzizamia. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu na bara yake, au waliozaliwa na waliochukuliwa. Wengi walichukuliwa wakiwa watoto, wakafundishwa kazi hiyo wangali wavulana.

Mzamiaji wa lulu alibana pua kwa kibanio kilichochongwa kwa pembe au mfupa. Alivaa kikapu shingoni. Aliweka mguu juu ya jiwe lililofungwa kamba, akavuta pumzi, akaachia. Jiwe likamshusha mbio mpaka chini. Pale aliokota chaza kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo, kisha akatikisa kamba ya pili, na mwenzake aliyekuwa chomboni akamvuta juu. Alipumzika kidogo ubavuni mwa chombo, kisha akashuka tena. Mara kumi, mara ishirini, mara nyingi kuliko hizo kwa siku moja, kwa miezi minne ya joto kali. Ngoma za masikio zilipasuka. Macho yaliharibiwa na chumvi. Na lulu ikipatikana, hesabu ya mtumwa ilikwenda kwa bwana wake.

Habari hizi zinajulikana kwa sababu wapo waliotoroka. Walifika kwenye ofisi za Waingereza Sharjah, Bahrain na Muscat wakaomba hati za uhuru, na katika miaka ya 1920 na 1930 makarani waliandika walichosimulia: walikozaliwa, walivyonyakuliwa, nani aliwauza kwa nani, wamezamia misimu mingapi. Mwanahistoria Matthew Hopper ameyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2015. Ukiyasoma unaelewa kwamba wapo waliozamia bila kuwa na chochote walichokizamia. Biashara yenyewe ilianguka pale lulu za kufugwa za Kijapani zilipojaa sokoni na mdororo wa uchumi wa dunia wa mwaka 1929 ulipofunga mifuko ya wanunuzi. Watu wote hao, huru na watumwa, walishuka kwa pumzi moja na jiwe mguuni.

Kizuizi kilikuwa hewa. Mavazi ya kuzamia yenye kofia ya shaba yalikuwapo tangu karne ya 19, lakini aliyeyavaa alikuwa mfungwa wa bomba lililomletea hewa kutoka juu, akitembea kwa viatu vizito kama mtu aliyefungwa pingu. Jawabu lilitoka Ufaransa, katikati ya vita. Petroli ilikuwa adimu na magari yalikuwa yakiendeshwa kwa gesi. Mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa amebuni vali ndogo ya kuipimia injini gesi kadiri inavyohitaji. Afisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, alipomweleza anachokitafuta, Gagnan aliona kwamba pafu linaweza kuhudumiwa kama injini. Vali ile ikarekebishwa: mtu akivuta, hewa inakuja, tena kwa mgandamizo ulio sawa na wa maji yaliyomzunguka, asipovuta, inakaa. Mwaka 1943 Cousteau alishuka nayo kwenye Bahari ya Kati. Sasa mtu aliweza kuogelea chini kama samaki, bila kamba, bila bomba, na kukaa.

Kifaa hicho kilipofika kwenye miamba ya kitropiki, kilifika na watu ambao hawakuwa bado na adabu ya mahali. Hili linapaswa kusemwa wazi, kwa kuwa ndiko ulikoanza utalii wote wa kuzamia. Mwaka 1955 meli ya Cousteau, Calypso, ilisafiri Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi mpaka Visiwa vya Shelisheli kupiga filamu, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikapata tuzo kuu ya Cannes, kisha Oscar. Mamilioni ya watu waliona mwamba wa matumbawe kwa rangi zake kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Katika filamu hiyo hiyo mabaharia wanalipua baruti mwambani ili wahesabu samaki wanaokufa, na wanawaua papa kwa hasira sitahani. Cousteau baadaye alibadilika na kuwa mtetezi mkubwa wa bahari, na ni haki kumtaja hivyo. Lakini baruti ile inafaa kukumbukwa tutakapofika Tanzania.

Kenya ilikutana na mambo haya mapema, kwa kuwa hoteli za Malindi na Watamu zilikuwa zimeanza kujaa. Wageni walivaa miwani ya kuzamia wakaingia na bunduki za mishale ya chuma. Makombe na vipande vya matumbawe viliuzwa barabarani vikiwa vimekaushwa, na kila mmoja aliondoka na chake sandukuni. Mwaka 1968 serikali ilitangaza hifadhi za taifa za baharini Malindi na Watamu, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Sheria yake ilikuwa rahisi kuieleza na mpya kabisa kwa pwani hii: ingia, tazama, toka mikono mitupu.

Mwaka huo huo mtaalamu wa bahari kutoka Marekani, Carleton Ray, aliandika ripoti akiishauri Tanzania iwe na hifadhi kama hizo. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, mbele ya Dar es Salaam, vikatengwa. Vilitengwa kwenye karatasi. Mlinzi na boti ya kumpeleka havikuwapo kwa miaka mingi.

Mtungi ulikuwa na kazi nyingine Mombasa. Mbele ya Ngome ya Yesu, chini ya maji ya bandari, ilikuwa imelala meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná. Ilijengwa Bassein, nchini India, mwaka 1681. Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696, na watu ndani wakawa wanakufa kwa njaa na maradhi, Wareno wa Goa, India, walituma vyombo vya kuokoa. Mwezi Oktoba 1697 meli hii, ikiwa imepigwa na mizinga na nanga zake kukatika, ilizama chini kabisa ya kuta ilizokuja kuziokoa. Ngome ilianguka Desemba 1698, na kwa kuanguka kwake mlango wa utawala wa Oman pwani ukafunguka.

Wazamiaji wa mjini waliokuwa wakijifurahisha ndio walioyaona mabaki yake katika miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980 kikosi cha wanaakiolojia wa majini, kikiongozwa na Robin Piercy wa taasisi ya utafiti huo iliyoko Texas, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mkuu wa Ngome ya Yesu wakati huo, Hamo Sassoon, kilichimba eneo hilo msimu baada ya msimu. Walifanya kazi ambayo mzamia lulu asingeiweza hata angekuwa hodari vipi, kwa sababu ilitaka muda. Walitandaza gridi juu ya tope, wakapima, wakachora kila ubao ulipolala, wakanyonya mchanga kwa mabomba huku wakiokota vigae kimoja kimoja. Vyombo vya udongo, vya kaure, mizinga, vitu vya mabaharia vilitoka. Vingi vinaonyeshwa ndani ya ngome leo, hatua chache kutoka vilipozama. Kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki mtu alikuwa amezamia habari.

Kazi hiyo haikubaki mikononi mwa wageni. Kenya imekuza wanaakiolojia wake wa majini, akiwamo Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa, ambaye jina lake limefungamana na mabaki ya meli ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Meli hiyo ilipatikana mwaka 2013 ikiwa kwenye kina cha mita sita tu, na ndani yake vipande vya shaba na pembe za ndovu. Huenda ikawa São Jorge, moja ya meli za safari ya tatu ya Vasco da Gama, iliyopotea mwaka 1524. Ushahidi bado unapimwa. Na watu wa Ngomeni wameshirikishwa katika utafiti huo tangu awali, jambo lililo tofauti sana na miaka ya nyuma.

Wakati Mombasa ikichimba historia kwa brashi, sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania ilikuwa ikisikia mabomu. Uvuvi wa baruti ulianza kuonekana katika miaka ya 1960 na kuenea, ingawa sheria iliukataza. Chupa hujazwa baruti, utambi huwashwa, hurushwa kwenye kundi la samaki. Wachache huelea na kuokotwa, wengi huzama. Tumbawe lenye matawi hubaki kokoto, na kokoto hazishiki mbegu mpya kwa sababu kila wimbi huzigeuza. Donge la Porites hustahimili zaidi, lakini nalo hupasuka. Wavuvi wa Mafia waliona boti kutoka nje zikija kulipua kwenye maji yao, nao walikuwa miongoni mwa waliodai serikali ifanye kitu.

Kuanzia mwaka 1989 vijana wa kujitolea kutoka Uingereza, wakiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizamia miamba ya Mafia mmoja baada ya mwingine wakiwa na vibao vya kuandikia chini ya maji, wakihesabu samaki na matumbawe. Kumbukumbu zao ni sehemu ya msingi uliojengewa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna vijiji, watu, makaburi, misikiti. Hapo ndipo sheria ya mikono mitupu ilipokutana na watu ambao mikono yao haikuwahi kuwa na kazi nyingine. Jibondo, kisiwa cha wavuvi hodari kisicho na hata mashamba ya kutosha, walilalamika kwamba nyavu zao zimewekewa mipaka ilhali boti za watalii zinapita huru. Walikuwa na hoja. Hifadhi inayomwona mvuvi kuwa mharibifu na mtalii kuwa rafiki inasahau kwamba mvuvi ndiye aliyekuwa akiujua mwamba kwa majina yake kabla haujachorwa kwenye ramani ya mtu yeyote.

Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, walijaribu njia nyingine. Kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na kwa miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa upande wake wa magharibi, kwa sababu za kijeshi na kwa kuwa meli za Dar es Salaam hupita karibu. Mwamba ukaneemeka kwa kuachwa. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa eneo la hifadhi, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, waliofundishwa kuwaeleza wageni na watoto wa shule kile walichokijua tangu utoto. Zaidi ya aina 400 za samaki zimeorodheshwa hapo. Na jambo linalowashangaza wageni wengi: mitungi hairuhusiwi, isipokuwa kwa utafiti. Mgeni huelea juu na miwani yake, akitazama chini, kama mtoto wa pwani anavyojifunza.

Hata hivyo mtungi umelipa sehemu ya deni lake kwa jiwe. Ndani ya Porites kuna tabaka za mwaka kwa mwaka, kama za shina la mti. Huko Malindi wanasayansi waliozamia na keekee walitoboa donge moja wakatoa mche wa chokaa, na katika makala waliyoichapisha mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, akiwamo Mkenya Nyawira Muthiga, walisoma ndani yake joto la bahari la miaka 194, tangu 1801. Donge jingine la huko, lenye umri wa miaka 300 hivi, lilikuwa limetunza udongo. Kila mafuriko ya mto Sabaki yaliacha alama ya bariamu katika chokaa, na alama hizo zinaanza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipoanza kuilima bara ya Kenya. Udongo wa Ukambani uliopotea umeandikwa baharini, ndani ya kiumbe ambacho hakijui shamba ni nini.

Mwaka 1998 joto la El Niño lilipita kwenye pwani yote. Matumbawe yalipozidiwa yaliufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe kama mifupa. Katika miamba mingi ya Kenya na Tanzania zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa katika miezi michache. Yenye matawi yaliumia kuliko yote. Waliorudi kuzamia mwaka uliofuata walikuta mabustani waliyoyajua yamegeuka majivu yenye kufunikwa na mwani, na katikati yake, hapa na pale, madonge ya Porites yamesimama, yamefifia rangi, yangali hai.

Kwa hiyo lile ambalo mgeni analipita pale Chole limeponea mtaimbo, tanuri, bomu na joto. Mshale wa kipimo cha hewa cha mgeni umeshuka. Mwalimu anamwonyesha kidole gumba, ishara ya kupanda. Wanapanda taratibu, na mita tano kutoka juu wanasimama dakika tatu ili naitrojeni iliyoyeyuka katika damu itoke kwa amani. Nahodha wa boti amekuwa akiyafuata mapovu yao muda wote, akiwa amezima injini, mkono mmoja kwenye usukani. Akiwaona, anawasogelea.

Njiani kurudi boti hupita karibu na kisiwa cha Chole, ambako maghofu ya mji wa zamani yamekumbatiwa na mizizi ya mitini. Lipu imedondoka sehemu nyingi. Mgeni akishuka na kusogea karibu na ukuta, nywele zake zingali na maji, ataona katika jiwe vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa vizuri, vyenye miale kama nyota, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti.